Udongo Mweusi wa Pamba: Tahakiki ya Istilahi za Upambanuzi wa Udongo

1. Utangulizi

Katika lugha ya maofisi, ya vitabu vya kilimo na ya wajenzi wa barabara, kuna aina moja ya udongo iliyopewa majina mengi kuliko inavyostahili. Huitwa udongo mweusi wa pamba, udongo mfinyanzi mweusi, udongo wa mbuga, na mara nyingine udongo mweusi tu. Ni ule udongo mzito ambao wakati wa masika hunata kwenye jembe na viatu hata mtu asiweze kwenda, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali na kupasuka nyufa zinazoweza kuumeza mkono.

Shabaha ya makala haya ni kuyapima majina hayo kwa kipimo kimoja: je, jina linasema yale ambayo mchunguzi wa udongo ameyaona shimoni, ameyapima maabara, na ameyasoma katika kumbukumbu za mvua na joto? Suala hili si la wataalamu wa sayansi peke yao. Afisa anayeandika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, mwalimu anayefundisha aina za udongo, na mfasiri anayetafsiri ripoti ya ujenzi wa zahanati, wote hutegemea jina. Jina likipotosha, ukuta utapasuka, na mkulima atapewa ushauri uliokusudiwa shamba la mwingine.

2. Pamba imetoka wapi?

Jina la udongo mweusi wa pamba ni tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza, na jina hilo la Kiingereza halikuzaliwa Afrika ya Mashariki. Lilitokana na nyanda za juu za Deccan huko India, ambako udongo mweusi uliotokana na mawe ya volkano umelimwa pamba kwa muda mrefu sana. Wenyeji wa huko wanalo jina lao, regur. Watawala wa Kiingereza waliufahamu udongo huo kwa zao lake, na walipoona udongo unaofanana nao katika nchi nyingine walilichukua jina wakaenda nalo.

Basi tutazame hali ilivyo kwetu. Usukumani ndiko pamba ya Tanzania ilikoenea kuliko mahali pengine, na huko sehemu kubwa ya pamba imelimwa katika ardhi za juu zenye kichanga kilichotokana na mawe ya itale. Mabonde yenye udongo mweusi yamekuwa aghalabu malisho ya ng'ombe na mashamba ya mpunga. Kwa upande wa Kenya, tambarare za Athi na Kapiti karibu na Nairobi zina udongo huu kwa wingi, nazo zinajulikana kwa mifugo na wanyama wa porini, si kwa pamba. Kwa hiyo mwanafunzi wa Shinyanga anayeambiwa kwamba huu ni udongo wa pamba anafundishwa kinyume cha yale aonayo nyumbani kwao. Hilo ni jambo zito katika elimu, maana mtoto atachagua mojawapo ya mawili: kuyakataa macho yake au kukikataa kitabu.

3. Neno "mfinyanzi" na kazi zake tatu

Jina la pili, udongo mfinyanzi mweusi, lina sura ya Kiswahili zaidi, lakini lina kasoro ya namna nyingine. Mfinyanzi kwa asili ni mtu, yule afinyangaye vyungu. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa udongo unaomfaa mtu huyo. Baadaye kiunganishi kikaanguka, na neno likageuka kuwa sifa ya udongo wenyewe. Mabadiliko ya namna hii si kosa, kwani lugha zote hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba leo neno hili limebebeshwa kazi tatu kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kutaja chembe. Katika maabara, chembe zote za udongo zilizo ndogo kuliko milimita 0.002 huhesabiwa katika kundi la mfinyanzi, hata kama haziwezi kufinyangwa chochote. Kazi ya pili ni kutaja daraja la mchanganyiko: kwa jedwali linalotumiwa sana duniani, udongo huitwa mfinyanzi ikiwa chembe hizo zimefika asilimia 40 au zaidi, huku mchanga na chembe za katikati zikiwa chini ya viwango vilivyowekwa. Kazi ya tatu ni ile ya asili, yaani udongo wa kutengenezea vyungu.

Mambo haya matatu hayaendi pamoja. Kipimo cha kimataifa cha udongo mweusi unaopasuka hudai chembe za mfinyanzi zisizopungua asilimia 30, wala si 40. Maana yake ni kwamba udongo unaweza kuwa wa kundi hili bila ya kuingia katika daraja la mfinyanzi. Kwa upande mwingine, udongo mwekundu wa miinuko ya Kenya ya kati una chembe za mfinyanzi zaidi ya nusu, lakini hupitisha maji vizuri, haupasuki nyufa kubwa, na huotesha chai na kahawa. Katika ripoti za kikoloni udongo huo uliitwa tifutifu nyekundu ya Kikuyu, kwa sababu mtu akiushika huvunjikavunjika mkononi kama udongo tifutifu. Mkono ulisema tifutifu, maabara ikasema mfinyanzi. Hakuna aliyesema uongo kati yao, ila kila mmoja alijibu swali lake.

Tofauti kati ya udongo huo mwekundu na ule mweusi haitokani na wingi wa chembe bali na jinsi chembe zenyewe zilivyo. Udongo unaopasuka una madini ya jamii ya smektaiti, ambayo hupokea maji baina ya matabaka yake membamba yakavimba, na yakikauka husinyaa. Udongo mwekundu umejaa zaidi kaolini, ambayo haina tabia hiyo. Tena, udongo unaosinyaa kupita kiasi humpasukia fundi chungu chake kingali kinakauka. Kwa hiyo ule ambao vitabu vinauita mfinyanzi kuliko wote ndio unaomsumbua mfinyanzi mwenyewe.

Hapa pia hatuna budi kugusa desturi ya kufundisha kwamba kuna aina tatu za udongo: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Hayo ni madaraja ya mchanganyiko wa chembe, si aina za udongo. Aina ya udongo hutambuliwa kwa matabaka yake, kina chake, madini yake, maji yake na mahali ulipokaa. Mwalimu akisema "madaraja matatu" badala ya "aina tatu", atakuwa ametengeneza nusu ya kosa bila ya kuongeza hata neno moja gumu.

4. Rangi si rutuba

Sifa iliyobaki katika majina yote mawili ni weusi. Nayo huleta fikira kwamba udongo mweusi una mboji nyingi na rutuba nyingi. Kwa udongo huu fikira hiyo haifai. Mara nyingi mboji yake haizidi asilimia chache, na mkulima hulazimika kuuongezea naitrojeni. Weusi wake hutokana na jinsi kiasi hicho kidogo cha mboji kilivyoshikamana na chembe za mfinyanzi.

Wataalamu wenyewe walikwisha kuipunguzia rangi cheo. Katika ufunguo wa Ramani ya Udongo ya Dunia uliotolewa na FAO na UNESCO mwaka 1974, udongo huu uligawanywa katika vikundi viwili kwa kufuata rangi: ule wa weusi uliokolea na ule wenye rangi iliyo hai zaidi. Ufunguo uliporekebishwa mwaka 1988 mgawanyo huo uliachwa, na mahali pake pakawekwa sifa za kikemia kama vile wingi wa chokaa au jasi. Rangi ikarudi baadaye kama sifa ya nyongeza tu. Basi si jambo la busara kwamba istilahi yetu iendelee kuegemea nguzo ambayo wenye nyumba wamekwisha kuiondoa.

5. Kuchunguza na kupima

Ili tujue jina lapaswa kubeba nini, inafaa tueleze kwa ufupi jinsi udongo unavyopambanuliwa. Mchunguzi huchimba shimo la kina cha mita moja na nusu au zaidi, akalisafisha ubavu mmoja, akayatambua matabaka. Kwa kila tabaka huandika kina, rangi kwa kulinganisha na kitabu cha rangi cha Munsell, mchanganyiko wa chembe kwa kuufinya udongo uliolowa baina ya vidole, nyufa, mizizi na vijiwe vya chokaa. Katika udongo huu hutafuta pia alama moja maalumu: nyuso laini zing'aazo, zilizokaa mshazari, mahali ambapo mabonge ya udongo yamesuguana wakati wa kuvimba. Kisha huchukua sampuli za kila tabaka kupeleka maabara.

Kiswahili chetu kinayachanganya mambo mawili yaliyo mbali hapa. Tunasema kupima udongo tukikusudia kazi nzima ya uchunguzi wa ardhi, na tunasema kupima udongo tukikusudia kutia sampuli katika chombo cha maabara ili kujua uchachu na virutubisho. Mkulima akiambiwa kwamba udongo wa kijiji umepimwa, hajui kama ramani imechorwa au kama mfuko mmoja wa udongo umepelekwa mjini. Tofauti yake ni kubwa: ramani husema wapi pajengwe na wapi palimwe, na kipimo cha maabara husema mbolea gani itiwe. Yafaa tuseme uchunguzi wa udongo kwa kazi ya uwandani inayozaa ramani, na upimaji wa udongo kwa kazi ya maabara.

Kuna pia hatari katika kutafsiri jina la ule ubavu wa shimo. Mfasiri anayefuata kamusi atajaribiwa kuuita "wasifu wa udongo", kana kwamba udongo umeomba kazi. Mkato wima wa udongo ni maneno ya kawaida, na kila mtu aliyepata kuona shimo la choo likichimbwa atayaelewa.

6. Hali ya hewa na tabianchi

Sehemu inayosahauliwa zaidi na majina yetu ni ile ya mvua na joto. Vasily Dokuchaev, ambaye kitabu chake juu ya udongo mweusi wa Urusi kilitoka mwaka 1883, alionyesha kwamba udongo ni zao la tabianchi, mawe, viumbe, sura ya nchi na muda. Udongo unaopasuka ni mfano dhahiri wa jambo hilo. Bila ya majira mawili yanayopokezana, moja la kulowa na moja la kukauka, kusingekuwa na kuvimba na kusinyaa, na bila ya hayo udongo huu usingekuwepo.

Ndiyo maana mfumo wa Marekani wa kupambanua udongo, uliotolewa mwaka 1975 na kurekebishwa mwaka 1999, huingiza majira ndani ya jina. Udongo wa kundi hili ambao nyufa zake hukaa wazi jumla ya siku 90 au zaidi kwa mwaka, katika nchi ya kiangazi cha kati, hupewa silabi ust, iliyotoka katika neno la Kilatini ustus, yaani kilichoungua. Ule ambao nyufa zake hazifiki siku hizo 90 hupewa silabi nyingine. Sehemu kubwa ya Usukumani hupata mvua kati ya Novemba na Mei, na miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu. Hesabu hiyo yatosha kumwonyesha msomaji kwa nini udongo wa mabonde ya huko huangukia upande wa walioungua.

Lakini hesabu hiyo haitokani na hali ya hewa ya mwaka mmoja. Zamani tuliridhika kutumia neno hali ya hewa kwa mambo mawili: mvua ya jana, na desturi ya mvua kwa miaka mingi. Sasa tunalo neno tabianchi kwa hilo la pili, na hapa ndipo linapostahili kazi. Takwimu za tabianchi hukusanywa kwa kipindi cha miaka 30, nazo ndizo ziingiazo katika upambanuzi wa udongo. Afisa anayeandika kwamba udongo umepambanuliwa kwa kufuata hali ya hewa amemwambia msomaji kwamba utabadilika jina mvua ikichelewa.

Kadhalika tusikubali kuandika "utawala wa unyevu" kwa sababu tu neno la kigeni katika siasa lina maana ya utawala. Linalokusudiwa ni jinsi unyevu unavyokuja na kuondoka katika mwaka, yaani mwenendo wa unyevu. Na iandikwe unyevu wa udongo, kwa sababu unyevu peke yake huchukuliwa kuwa ni wa hewa.

7. Mbuga: neno lililokwenda safari

Limebaki jina la tatu, udongo wa mbuga. Hili lina historia ya kutufunza. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alichapisha mwaka 1935 rai yake kwamba katika Afrika ya Mashariki udongo haueleweki kipande kimojakimoja, bali kwa mfuatano kutoka kileleni mwa kilima hadi bondeni. Mfuatano huo aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na neno hilo sasa linatumiwa na wataalamu duniani kote. Wasukuma wameugawa mteremko wao kwa majina: luseni ni kichanga cha juu, itogolo ni udongo ulioshikamana wa chini yake, na ibushi ni ule wenye chokaa. Mwisho wa mteremko ni mbuga, bonde tambarare la udongo mweusi lituamalo maji. Neno mbuga likaingia katika ripoti za Kiingereza likiwa na maana hiyo maalumu. Hivyo Kiingereza cha wataalamu kilikopa neno kwetu, huku sisi tukikopa kwake pamba ya India.

Je, turudi kwa mbuga? Wako watakaosema kwamba kukopa jina la mkulima ni kurudi nyuma. Hao wakumbushwe kwamba msamiati wa kimataifa wa udongo umejengwa kwa namna hiyo hiyo: chernozemu na podzoli ni maneno ya wakulima wa Urusi, na gilgai, jina la vishimo na vichuguu vinavyotokea juu ya udongo huu huu unaopasuka, limetoka katika lugha ya wenyeji wa Australia.

Hata hivyo ziko pingamizi mbili zenye nguvu zaidi. Ya kwanza ni kwamba katika Kiswahili cha leo mbuga ni nchi tambarare yenye nyasi, na kwa watu wengi ni mahali pa wanyama wa porini. Pingamizi hii hupungua tukisema udongo wa mbuga badala ya mbuga peke yake. Ya pili haipungui. Si udongo wote wa kundi hili ulio mabondeni. Ule wa Deccan, na sehemu kubwa ya ule wa nyanda za juu za Ethiopia, umekaa juu ya mawe ya volkano katika nchi iliyoinuka. Jina linalotaja bonde litakosea huko, kama jina linalotaja pamba linavyokosea Athi. Mbuga basi ni jina zuri la mahali na la sehemu ya mteremko, lakini haliwezi kuwa jina la kundi zima.

8. Mapendekezo

Tukitafuta sifa ambayo haikosekani popote udongo huu ulipo, tutaiona ni moja: nyufa zinazofunguka na kufumba kwa kufuata majira. Ufunguo wa mwaka 1974 ulidai nyufa zenye upana wa sentimita 1 angalau katika kina cha sentimita 50, katika miaka iliyo mingi, isipokuwa udongo ukiwa unamwagiliwa. Sifa hiyo yaonekana kwa macho, yapimwa kwa rula, na imefungamana na tabianchi. Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

(a) Udongo wa nyufa liwe jina la kawaida katika shule, ofisi na maelezo kwa wananchi, badala ya udongo mweusi wa pamba.

(b) Vetisoli litumike katika majedwali na ramani za kitaalamu, likifuatwa mara ya kwanza na maelezo kwamba ni udongo wa nyufa. Jina hili latokana na kitenzi cha Kilatini cha kupindua, maana udongo wa juu huanguka katika nyufa na ule wa chini husukumwa juu.

(c) Udongo wa mbuga libaki kwa udongo wa mabonde tu.

(d) Katika maandishi ya kitaalamu, iandikwe chembe za mfinyanzi, daraja la mfinyanzi, au udongo wa kufinyangia, kila moja mahali pake.

(e) Uchunguzi na upimaji vitenganishwe, na tabianchi isiitwe hali ya hewa.

Yawezekana mtu akauliza: itakuwaje kwa afisa atakayefika kijijini mwezi wa Machi, wakati ardhi imevimba na hakuna ufa hata mmoja? Atauitaje udongo wa nyufa? Swali hilo ndilo linaloonyesha faida ya jina. Afisa aliyeandikiwa "udongo mweusi" ataona weusi, ataridhika, na atatoa kiwanja cha shule. Kuta zitajengwa, na katika kiangazi cha kwanza au cha pili ardhi itasinyaa chini ya msingi. Afisa aliyeandikiwa "udongo wa nyufa" atashangaa kutoona nyufa, naye atalazimika kuwauliza wenyeji: hapa panakuwaje mwezi wa Septemba? Wenyeji watamjibu, kwa sababu mbuzi na ndama wao wamekwisha kuvunjikia miguu humo.